Zamu ya Mlinzi

Likizo ya Desemba iliyopita niliikaa kwa mjomba wangu, Morogoro. Mjomba ana kompyuta ya akiba yenye diski nne. Tatu huhifadhi picha za jamaa yetu wote, pamoja na sauti ya marehemu bibi akisimulia hadithi. Ya nne, iitwayo diski ya pariti, haina picha hata moja. Hiyo ndiyo mlinzi.

Labda msomaji atauliza: hulindaje? Kompyuta huandika kila kitu kwa 0 na 1. Mahali pamoja katika diski zote tatu, huhesabu zile 1. Zikiwa witiri, mlinzi huandikiwa 1. Zikiwa shufwa, huandikiwa 0. Basi diski zikiwa na 1, 0 na 0, mlinzi ana 1. Ya kwanza ikifa, zilizobaki pamoja na mlinzi huonyesha kwamba iliyopotea ni 1. Lakini zikifa mbili pamoja, hesabu haiwezekani.

Mlinzi wetu alikuwa wa terabaiti 4, na mjomba alitaka kuongeza diski za terabaiti 8. Mlinzi hawezi kuwa mdogo kuliko diski anayoilinda, kwa hiyo ilibidi abadilishwe kwanza. Tulikagua pariti tukakuta makosa 0. Niliandika namba ya kila diski, maana zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Kisha tuliizima kompyuta, tukatia diski mpya.

Nilitaka kuifuta diski ya zamani siku ile ile nitie sinema zangu. Mjomba akanikataza. "Mpwa wangu," alisema, "mlinzi wa usiku haendi kulala kabla wa mchana hajafika." Nilinuna, lakini nikaiweka kabatini. Tena alikataza mtu yeyote asiongeze wala kufuta picha mpaka kazi iishe.

Kazi ilianza saa kumi na mbili jioni, nayo ilitazamiwa kuchukua saa kumi na tano hivi. Saa nne usiku taa nyekundu iliwaka: diski yenye sauti ya bibi ilikuwa imekufa, na mlinzi mpya hajafika hata nusu. Nilishikwa na hofu. Mjomba aliizima kompyuta, akatazama kabati.

Kesho yake asubuhi tulinunua diski nyingine ya terabaiti 4, tukamrudisha mlinzi wa zamani na kuiamuru kompyuta imwamini kama alivyo. Kwa kuwa hapakubadilika kitu tangu atolewe, hesabu zake zilikuwa sahihi. Usiku tulimsikia bibi tena.

Baadaye mjomba alinakili vyote katika diski ya nje, akaipeleka kwa mama. Kwani mlinzi haokoi picha uliyoifuta mwenyewe, wala nyumba iliyoungua.

Ndugu wanafunzi, wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Methali hiyo niliisoma darasani nikapata alama zote, lakini siku ile ningaliitupa kwa ajili ya sinema.

Mwanafunzi, Kidato cha III