Mkono wa kushoto wa mtoto wetu

Habari hii ni ya mtoto wetu wa pili, aliyekuwa na miaka mitano. Kinga ya mwili wake ilikuwa chini sana. Sababu imeandikwa kwenye kadi yake, na tunaiacha humo.

Mwaka 2022 surua ilipita kwa majirani. Yeye alikuwa hajachanjwa, na si uzembe. Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mtoto ambaye kinga imeshuka mno hapewi mpaka apate nguvu. Tuliambiwa tungoje. Tukiwa tunangoja, akaugua. Vipele vilikuwa vichache, hata tukadhani ni joto. Akapewa vitamini A, akapona, akarudi kwenye mpira wake wa makaratasi.

Miezi mitatu baadaye, asubuhi anakunywa uji, mkono wa kushoto ukaanza kurukaruka wenyewe. Uji ukamwagika, tukamgombeza. Hilo linatuuma mpaka leo. Mkono haukutulia, hata akilala. Mama jirani akasema ni degedege, afukizwe. Tukamfukiza siku mbili, hatuwafichi. Lakini degedege tuliyoizoea huja na homa, na yeye hakuwa na homa hata kidogo.

Hospitali walipima malaria, hakuna. Wakatoa maji ya uti wa mgongo. Daktari akatueleza polepole: kumbe surua haikutoka yote. Virusi vilibaki mwilini, na kwa kuwa kinga ya kuvifukuza haikuwepo, vikaingia kwenye ubongo. Kwa watoto wa hali yake hutokea ndani ya mwaka mmoja baada ya surua, na dawa ya uhakika ya kuviua hakuna. Wakampa za kutuliza kifafa. Akaacha kuongea, kisha akaacha kututambua. Wiki ya tano tukamzika.

Tulimuuliza daktari, tungefanya nini? Akasema mtoto kama huyu hulindwa na watoto wanaomzunguka. Katika watoto 100, 95 wakipata chanjo zote mbili, surua inakosa pa kupita. Hapa Tanzania ni ya miezi 9 na ile ya miezi 18, ambayo wengi wetu tunaisahau, maana mtoto ameshaanza kukimbia na anaonekana mzima.

Siku ya chanjo iliyofuata, mama jirani, yule wa kufukiza, alikuja na wanawe wanne, kadi zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Tukampakatia wa mwisho alipochomwa sindano. Alilia sana.