Fimbo ya Mti Katika Upepo wa St Andrews

Ndugu msomaji, wengi wetu tumeufahamu mchezo wa gofu kwa kuutazama kutoka nje ya ua. Tumewaona mabwana wakitembea juu ya majani yaliyokatwa vizuri, na nyuma yao vijana waliobeba mikoba mizito ya fimbo. Mimi nilikuwa mmoja wa vijana hao. Mwaka 1974, nikiwa na umri wa miaka 11, nilibeba mikoba katika uwanja wa Jinja, kando ya Ziwa Victoria, mahali ambapo viboko walitoka majini usiku kuja kula majani. Hata sheria za uwanja ule zilimruhusu mchezaji kuuhamisha mpira wake bila adhabu iwapo umetumbukia katika unyayo wa kiboko.

Baadaye niliingia polisi, nikatumikia zaidi ya miaka thelathini, nikastaafu. Mwezi wa Mei mwaka 2023 nilifunga safari kwenda Scotland kumjulia hali binti yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Dundee. Yeye anajua vema jinsi baba yake alivyoanza maisha. Nilipokwisha kupumzika aliniambia, “Baba, Jumapili nitakupeleka St Andrews, ukaone gofu ilikotoka.”

MJI USIO NA STESHENI

Kutoka Dundee tulipanda basi, tukavuka mto Tay juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 1966, ambalo urefu wake unapita kilomita mbili. Tulipita Leuchars, palipokuwa na kambi ya jeshi la anga hadi mwaka 2015, na sasa ni kambi ya jeshi la nchi kavu. Aendaye St Andrews kwa garimoshi hushuka hapo Leuchars, kwa maana reli ya kuingia St Andrews ilifungwa mwaka 1969.

Mji wenyewe ni mdogo, umejengwa kwa mawe ya kijivu, nao umekaa ukingoni mwa bahari yenye baridi. Kuna magofu ya kanisa kuu lililowekwa wakfu mwaka 1318, na kuna chuo kikuu kilichoanza karne ya kumi na tano. Lakini watu wengi niliowaona ndani ya basi hawakuja kwa ajili ya kanisa wala chuo. Walikuja kwa ajili ya kile kipande cha ardhi yenye mchanga na majani mafupi kilicho kati ya mji na pwani, kiitwacho Uwanja Mkongwe.

Nilitazamia kukuta ua mrefu na askari mlangoni. La hasha! Siku ya Jumapili Uwanja Mkongwe kwa kawaida haupigwi mpira, nao huwa bustani ya watu wote. Niliwakuta wazee wakitembea na mbwa wao, na akina mama wakisukuma watoto katika vigari. Binti yangu alinieleza kwamba ardhi ile si mali ya bwana yeyote. Ni mali ya umma, na chombo kinachoisimamia kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1974. Nilipousikia mwaka huo nilinyamaza kidogo, nikaukumbuka uwanja wa Jinja na mkoba uliokuwa mrefu kuliko mimi.

KUTOKA UPINDE HADI FIMBO

Jumatatu asubuhi tuliingia katika jumba la makumbusho ya gofu, lililo karibu na bahari. Hapo askari yeyote atapata jambo la kumchekesha. Mwaka 1457 Bunge la Scotland, chini ya Mfalme James wa Pili, lilipiga marufuku gofu na mpira wa miguu, kwa sababu vijana waliacha mazoezi ya kutupa mishale, na nchi ilihitaji watu wa kuilinda. Amri hiyo ilirudiwa mwaka 1471 na mwaka 1491. Halafu mwaka 1502 Mfalme James wa Nne, mjukuu wa yule aliyepiga marufuku, alinunua fimbo za gofu kwa fundi wa mjini Perth. Na fundi huyo alikuwa nani? Alikuwa mtengenezaji wa pinde za vita! Mkono uliojua kuukunja mti uwe silaha ndio huohuo ulioujua mti wa mchezo.

Katika makabati ya vioo nilizitazama fimbo za kale kwa muda mrefu. Vichwa vyake vilikuwa vyembamba na virefu, vimechongwa kwa mti mgumu kama vile mtufaa au mpea. Nyuma ya kichwa fundi alichimba tundu akamimina risasi ili kipate uzito, na chini, upande wa mbele, alipachika kipande cha pembe ya kondoo dume ili mti usichanike unapogusa ardhi. Kichwa kiliunganishwa na mpini kwa gundi, kisha kikafungwa kwa uzi imara. Hapo St Andrews ndipo alipofanya kazi fundi mashuhuri Hugh Philp, na baada ya kufa kwake mwaka 1856 karakana ikaendelezwa na mpwa wake, Robert Forgan, aliyejulikana kwa kutumia mti wa hikori kutoka Marekani kutengenezea mipini.

Mpira nao ulibadilika. Zamani ulikuwa mfuko mdogo wa ngozi ulioshindiliwa manyoya ya ndege, na bei yake ilikuwa kubwa. Mnamo mwaka 1848 ukatokea mpira wa utomvu wa mti uitwao gutapecha, wenye bei nafuu lakini mgumu. Mpira huo mgumu ulivipasua vichwa vyembamba, na mafundi wakalazimika kuvifanya vifupi na vinene. Mwishoni mwa karne hiyo wakaanza kutumia mti wa persimoni kutoka Marekani, ambao ni wa jamii moja na abunusi. Persimoni ikatawala kwa muda wa karibu miaka mia moja. Mwaka 1979 Gary Adams alianzisha kampuni ya TaylorMade huko Marekani, akaleta fimbo yenye kichwa cha chuma cha pua, na leo karibu fimbo zote ziitwazo za mti ni za chuma. Jina limebaki, mti umekwenda zake.

MPIRA ULIOGOMA KURUKA

Mchana wa siku hiyo nilialikwa kucheza. Jirani wa binti yangu, mzee aliyekuwa tarishi wa posta na aliyezaliwa hapo St Andrews, alitupeleka katika uwanja wa Strathtyrum, wenye mashimo 18, uliofunguliwa mwaka 1993. Ni mmoja wa viwanja saba vya umma vya mji huo, nao unawafaa watu wa kiasi changu. Mzee alikuja na mjukuu wake wa miaka 12, aliyekuwa akituvutia kigari cha fimbo.

Yafaa nimweleze msomaji asiyeujua mchezo huu. Pigo la kwanza la kila shimo mpira huwekwa juu ya kijiti kidogo, na hapo hata mgeni anaweza kubahatisha. Taabu huja katika pigo la pili, mpira ukiwa umelala chini katika njia ya majani mafupi, na bendera bado ingali mbali. Hapo ndipo hutolewa fimbo ya mti ya namba tatu, nne au tano. Mpini wake ni mrefu, na uso wake umelala nyuma kidogo tu. Mchezaji akiutazama mpira ulivyobanana na ardhi, moyo humwambia, “Fimbo hii haitauinua, lazima uuinue wewe.” Basi hujitupa nyuma, huvuta mikono juu, na fimbo hupita ikiugusa mpira utosini tu. Badala ya kuruka, mpira hutambaa kama panya aliyefukuzwa.

Hayo ndiyo yaliyonipata. Mzee alikuwa amenipa fimbo yake ya zamani ya namba nne, yenye kichwa cha persimoni cha kweli, kinachong'aa kama samani ya sebuleni. Niliinua, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Mpira ukatambaa hatua thelathini. Nikapiga tena, ukaingia katika vichaka vya miiba yenye maua ya manjano. Nikageuka kwa hasira, nikamwambia yule mtoto, “Kwa nini umesogeza kigari wakati ninapiga?”

Mtoto hakujibu. Alitazama chini, akashika vema mkono wa kigari.

Ndugu msomaji, mtazamo ule niliujua. Ulikuwa wangu. Jioni moja kule Jinja nilikuwa nimembebea mkoba bwana mmoja mwenye cheo. Alitaka kuonyesha rafiki zake uwezo wake, akatoa fimbo ya mti, akaupiga mpira utosini, nao ukatambaa hadi katika mafunjo ya ziwani. Aligeuka akasema kwamba nimetikisa mkoba. Akanizaba kofi mbele ya wenzake, akaondoka bila kunipa ujira wangu. Nyumbani mama alikuwa akiungoja ujira huo anunue chumvi na mafuta ya taa. Usiku ule tulikula gizani, nami nilishindwa kumweleza kosa langu, kwa maana sikulijua.

Na sasa, karibu miaka hamsini baadaye, nilikuwa nimesimama katika majani ya Scotland nikisema maneno ya bwana yule. Nilimwendea mtoto nikamwomba radhi. Nilimwambia, “Hukusogea, mwanangu. Mimi ndiye niliyepiga vibaya.”

WALIYOYAJUA WAZEE

Mzee tarishi hakunihukumu. Alisema tu kwamba fimbo ya mti ndiyo inayosingiziwa kuliko zote mkobani. Wapo wanaonunua mpya kila mwaka wakidhani dawa iko dukani. Wapo wasioitoa kabisa, huibeba miaka kumi kama hirizi. Na wapo wanaume wanaoona haya kubeba fimbo ya namba saba, yenye uso uliolala zaidi, kwa kuwa wameambiwa ni ya wanawake na wazee, wakati mwanamke mwenye fimbo hiyo anawapita shimo baada ya shimo. Marehemu mkewe, alisema, alikuwa mmoja wa wanawake hao.

Kisha alinifundisha. “Usijaribu kuuinua mpira,” alisema. “Uso wa fimbo umeshalala; kazi ya kuinua ni yake. Wewe fagia majani yaliyo chini ya mpira, polepole, na umalize pigo lako.” Alinikumbusha kisa cha Gene Sarazen huko Augusta, Marekani, mwaka 1935. Sarazen alikuwa nyuma ya Craig Wood kwa mapigo matatu. Katika shimo la 15, ambalo hutarajiwa kumalizwa kwa mapigo matano, alitoa fimbo ya mti ya namba nne, akapiga kutoka kiasi cha mita 215, na mpira ukaingia shimoni. Kwa mapigo mawili tu akawa amefuta pengo lote, na kesho yake akashinda katika mchezo wa marudiano. Fimbo ile ilikuwa ndogo na ya kawaida. Iliyokuwa kubwa ni saburi ya mkono ulioishika.

Katika shimo lililofuata nilifanya kama nilivyoambiwa. Sikupata muujiza wa Augusta. Lakini nilisikia mlio mtulivu, kama kugonga mlango wa mti kwa kidole, na mpira ukapanda juu ya upepo wa bahari, ukatua mbali kuliko nilivyotumaini. Mtoto ndiye aliyepiga makofi kwanza.

SIMU YA USIKU

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Nimeusikia usemi huo tangu utotoni, na nimewasomea askari wengi waliolalamikia vifaa. Sikuwahi kujisomea mwenyewe. Nilipokuwa mkuu wa kituo kimoja, lilipotea faili la kesi. Nilimkaripia konstebo kijana mbele ya wenzake wote, na adhabu akapata. Baada ya majuma mawili nililikuta faili lile katika mtoto wa meza yangu, chini ya magazeti. Nililirudisha kabatini nikanyamaza.

Usiku ule, katika nyumba ya binti yangu, nilitafuta namba ya kijana yule, ambaye sasa naye ni mtu mzima mwenye vyeo vyake. Alipokea, akasema, “Afande, salama?” Nilimweleza habari ya faili kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikaa kimya kwa muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, “Afande, siku ile nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba sikulipoteza mimi. Naomba umwambie na yeye.” Akampa mkewe simu, nami nikamwambia.

Ndugu msomaji, ukibahatika kufika Scotland, nenda St Andrews siku ya Jumapili. Hutatozwa kitu kutembea katika Uwanja Mkongwe na kuvuka daraja dogo la mawe la Swilcan, walikopita mabingwa. Na kama hutafika, fimbo ya mti unayo hapo ulipo, kazini au nyumbani. Siku utakapopiga vibaya, kabla ya kugeuka nyuma kumtafuta aliyetikisa mkoba, tazama kwanza mikono yako.