Dhahabu ya Vuli Katikati ya Tokyo

Anayetaka kuiona Tokyo ikiwa imevaa nguo zake za sikukuu, aende mwishoni mwa Novemba. Hapo miti 146 ya mginko kwenye barabara ya bustani ya Meiji Jingu Gaien huwa imegeuka manjano, juu na chini, maana majani yaliyodondoka huifunika njia nzima.

Barabara yenyewe ni fupi, kama mita 300 tu. Miti ilipandwa mwaka 1923 kwa safu nne: mirefu zaidi upande wa mtaa wa Aoyama, kisha kimo kinapungua kuelekea jumba la picha za kumbukumbu ya Mfalme Meiji. Kwa mpangilio huo macho huvutwa yenyewe hadi kwenye kuba la jumba hilo. Wazee, wanafunzi na maharusi wote huja hapa kupiga picha.

Okota jani moja ulitazame. Lina umbo la upepeo na halina mshipa wa katikati. Vishipa vyembamba hutoka kwenye kikonyo vikigawanyika viwili viwili hadi ukingoni. Jamaa zote za mti huu zilitoweka zamani mno, ukabaki peke yake duniani.

Uzuri wake haukomei kwenye majani. Nenda Kappabashi, mtaa wa maduka ya vyombo vya jikoni kati ya Ueno na Asakusa, uulizie ubao wa kukatia wa mginko. Nilipoushika mmoja niliona ulivyo mwepesi, wa manjano hafifu, laini kila upande. Wapishi wanauthamini kwa kuwa mafuta yake ya asili huufanya ukauke upesi, na ulaini wake hautafuni makali ya kisu. Mbao za mti huu huchongwa pia kuwa meza za mchezo wa go.

Tena ni mti mgumu kufa. Hiroshima, mginko wa hekalu la Hosenbo ulisimama umbali wa zaidi kidogo ya kilomita moja kutoka bomu la atomiki lilipolipuka mwaka 1945. Ulinusurika, kisha ukachipua; hekalu lilipojengwa upya, ngazi zake zilipangwa kuuzunguka.

Ukijaliwa kufika Tokyo msimu huo, shuka kituo cha Aoyama-itchome alfajiri, kabla watu hawajajaa. Tembea polepole kutoka upande wa miti mirefu. Hakuna kiingilio.