Paa ni la landilodi, dirisha ni langu

Keateka wa ploti yetu alimpigia babangu simu Jumanne asubuhi, akamwambia, "Kijana yako ameweka mitambo juu ya nyumba ya watu."

Mitambo haikuwa shida kubwa. Shida kubwa ni kwamba babangu, aliye Othaya na majani chai yake, alijua mimi niko kampasi, mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme. Hakujua niko Nyeri tauni, Kamakwa, kwa bedsita ya ghorofa ya nne. Hakujua niliacha chuo mwaka wa pili. Siku ya kusaini karatasi za nyumba niliulizwa namba ya mtu wa karibu, na mkono ukaandika namba unayoijua tangu darasa la nne. Sikufikiria mara mbili. Nani hupigia mtu wa karibu?

Keateka hupiga.

Wacha nianze na hiyo mitambo, halafu nirudi kwa mzee.

Kuna kidude cha USB, saizi ya flashi, kilichotengenezwa ndio mtu atazame TV ya dijitali kwa kompyuta. Mwaka wa 2012 wapenzi wa redio waligundua kwamba hicho kidude kinaweza kufanya mengi zaidi: ukikipa programu inayofaa, kinapokea mawimbi kuanzia megahezi 24 hivi mpaka zaidi ya 1,700. Yaani laptopu yako inageuka skana. Changu nilinunua Luthuli Avenue, Nairobi, elfu tano na mia tano, kikaletwa na matatu.

Pesa ilitoka wapi? Nitasema ukweli, juu hii posti haina maana nikidanganya. Ilitoka kwa bonasi ya chai. Mzee alinitumia karo ya semista, mimi tayari nilikuwa nimetoka chuo. Nikalipa kodi ya miezi miwili, nikanunua simu ya kurekodi video, na hicho kidude. Bado nikiandika hii sentensi tumbo linanikata.

Sasa unaskiza nini na skana? Watu wakisikia skana wanafikiria polisi. Hapana. Mawasiliano ya polisi na simu za watu si kitu cha kuchezea, na Kiganjo iko hapo karibu tu, sitaki hata mzaha. Mimi nafuata vitu viwili. Cha kwanza ni ndege. Ndege nyingi hutangaza zenyewe kwa megahezi 1,090: mimi ni nani, niko wapi, niko juu kiasi gani, naenda mbio kiasi gani. Hakuna siri ndani yake, zinatangaza ndio zionekane. Cha pili ni setilaiti za hali ya hewa. Zile tatu za Marekani zilizokuwa zikipendwa na wanaoanza zilizimwa mwaka wa 2025, lakini za Urusi, Meteor-M, bado zinapita juu yetu zikituma picha kwa megahezi 137 na kitu. Mimi sirushi chochote, napokea tu. Ukitaka kurusha, hiyo ni hadithi nyingine: unaomba leseni ya redio ya wapenzi kwa Communications Authority, na unapewa alama yako inayoanza na 5Z4.

Mbona ndege? Juni 2018 nikiwa shule ya upili, ndege ndogo iliyokuwa inatoka Kitale kwenda Nairobi ilipotea kwa milima ya Aberdare. Watu 10. Ilitafutwa kwa ukungu na baridi siku mbili ndio ikapatikana, na hakuna aliyepona. Sisi tunaamka kila siku tukiangalia hiyo milima. Tangu hapo, nikisikia kandege juu ya mawingu, lazima nijue kanaenda wapi.

Basi. Kwa ngazi za ploti yetu kuna karatasi imebandikwa: hakuna kupigilia misumari, hakuna dishi kwa paa bila ruhusa, hakuna kuanika nguo kwa reli ya balkoni. Niliisoma. Halafu usiku mmoja nikapanda kwa paa na bomba la plastiki la mita tatu, nikalifunga na waya kwa stendi ya tangi la maji, nikaweka antena juu, nikashusha kebo mpaka kwa dirisha langu.

Maze, ilifanya kazi. Sitadanganya. Niliona ndege za umbali wa zaidi ya kilomita 200, zingine zikishuka JKIA, zingine ndogo zikienda Nanyuki. Upande mmoja ulikuwa na ukuta mkubwa: Mlima Kenya. Mita 5,199 za mawe hazipitishi mawimbi ya aina hii. Ndege ikiwa chini nyuma ya mlima, kwako haipo.

Nilifurahi siku nne. Siku ya tano mama wa ghorofa ya pili akaona kebo inaning'inia, akamwambia keateka kuna mtu anaiba stima. Mwingine akasema ni ya kuskiza simu za watu. Nikiteremka kununua maziwa, story ilikuwa imefika kwa duka kabla yangu.

Keateka alinisimamisha kwa mlango. "Kijana, hii ni ya stima ama ni ya kuskiza watu?"

"Si hata moja, mzee. Ni ya ndege."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa ni ya majini. Akanipa siku tatu: kitoke, ama nitoke mimi. Halafu akatafuta ile karatasi yenye namba.

Babangu alifika saa saba mchana, na kofia yake ya kwenda mjini. Hakunipigia. Niligongewa mlango, nikafungua, nikamwona.

Lazima niwaeleze kitu. Mimi nimepewa jina la babu, baba yake, kama vile kifungua mimba wa Kikuyu hupewa. Kwa hivyo mzee akiwa na furaha huniita "baba." Hiyo siku aliniita jina langu la shule. Yote mawili.

Alikaa kwa kitanda, juu kiti ni kimoja na kilikuwa na laptopu. Akauliza, "Uliacha lini?" Nikamwambia. "Mama yako anajua?" Nikanyamaza, na hiyo ilikuwa jibu. "Na bonasi?" Nikamwonyesha kidude. Kinatoshea kwa kiganja. Alikigeuza, akakigeuza tena, akakirudisha kwa meza taratibu sana. Heri angenipiga makelele.

Baada ya muda mrefu akasema, "Nionyeshe inafanya nini."

Nikamwonyesha. Ramani ikafunguka, alama za ndege zikaanza kutambaa. Moja ilikuwa inapita karibu na Karatina, chini chini, ikielekea kaskazini. Tukaenda kwa dirisha tukaisikia lakini hatukuiona, ilikuwa upande ule mwingine wa nyumba. Alitazama skrini, akatazama mawingu, akatazama skrini.

Halafu akaanza kuongea, na sikutarajia. Aliniambia babu alikuwa na redio ya betri ambayo ilishika stesheni vibaya pale kwetu bondeni, kwa hivyo yeye ndiye alitumwa kupanda mti wa mukima kufunga waya. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, akiwa na miaka kumi na miwili, redio ya Nairobi ikatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Babu alikuwa na ndugu yake Nairobi, na simu hakuna. Waya ulikuwa umelegea, na sauti ilikuwa inasikika vizuri tu mtu akiushika kwa mkono. Kwa hivyo mzee alisimama hapo ameushika tangu asubuhi mpaka sauti ikabadilika, ikasema serikali ya Moi bado iko. "Mkono ulikufa ganzi," alisema. "Lakini ningeachilia, babu yako hangejua kama ndugu yake yuko hai. Hata hivyo hakujua mpaka wiki iliyofuata."

Sitaki mfikirie alinisamehe hapo hapo. Hakunisamehe. Alisimama, akavaa kofia, akasema nitalipa ile karo, elfu mbili kila mwezi, na nitaenda nyumbani Jumapili kumwambia mama mbele yake kwamba hakuna siri tena. Halafu akateremka kuongea na keateka. Mimi nyuma kama mtoto wa nasari.

Na hapo nilijifunza kitu ambacho miaka miwili ya uhandisi haikunifunza. Mzee hakumbishia keateka. Alimuuliza, "Unaogopa nini haswa?" Kumbe jamaa alikuwa na majibu. Mpangaji wa zamani alitoboa mabati akifunga dishi, maji yakaingia kwa dari ya watu mvua ya Aprili. Na bomba refu juu ya paa bila waya wa kushuka ardhini, radi ikipiga? Hiyo hata mimi nilijua, nilikuwa nimejifanya sijui. Na landilodi anakaa Nairobi: kitu kikiharibika, anayefutwa ni keateka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayelinda kazi yake.

Makubaliano yalichukua dakika kumi. Bomba linashuka leo. Ndani ya nyumba naweza kuweka chochote, bora hakuna msumari na hakuna kitu kinachotoka nje ya dirisha. Kumbe hiyo ruhusa ilikuwa hapo siku zote. Sikuwa nimeuliza.

Sasa, kwa wale mnaokaa kwa keja za watu na mnataka kujaribu, hii ndiyo hesabu. Gawanya 300 kwa megahezi za kitu unachotafuta, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Kila mkono wa antena ni robo ya hiyo, ukipunguza kidogo. Ndege, 1,090: robo ni karibu sentimita 7. Saba! Inatoshea nyuma ya pazia. Setilaiti, 137: karibu sentimita 53 kila mkono, na mikono unaifungua kama herufi V, pembe ya digrii 120, ikiwa imelala.

Na hiyo ya setilaiti hata hautengenezi. Mnakumbuka antena za masikio mawili zilizokuwa juu ya TV za mgongo? Tangu matangazo ya analogi yazimwe mwaka wa 2015, zimejaa kwa mafundi. Mikono yake inavutika, kwa hivyo unapima na rula tu. Yangu nilipata kwa fundi wa redio karibu na soko, shilingi mia moja, akanilehemea kebo mpya kwa hamsini. Nimeifunga kwa hanga ya mbao ninayoning'iniza kwa fimbo ya pazia. Msumari sifuri.

Adui wako ndani ya nyumba si landilodi. Ni zege lenye nondo na grili za dirisha, ambazo zinakata mawimbi, kwa hivyo kaa karibu na kioo. Ni taa za LED na chaja za bei rahisi, ambazo zinapiga kelele kwa masafa hata kama hausikii. Mimi huzima taa, nachomoa chaja, naacha laptopu kwa betri, halafu naweka kidude mbali na laptopu na waya mrefu wa USB. Tofauti ni kubwa kuliko antena ya elfu kumi.

Unapoteza nini? Nusu ya anga. Dirisha langu linaangalia magharibi, Aberdare. Ndege za mashariki sizioni tena. Ile ramani ya kilomita 200 pande zote imebaki kipande, kama chapati iliyokatwa. Ilinikera wiki ya kwanza.

Lakini siku moja Meteor ikapita upande wangu, kama dakika kumi na mbili. Picha ikashuka mstari kwa mstari. Mwanzo hakuna kitu. Halafu Ziwa Turkana, kama mkwaruzo. Halafu mawingu yamekaa juu ya Aberdare, na nyuma yake Ziwa Victoria, jeusi, kubwa, hakuna wingu hata moja juu yake. Halafu picha ikakatika, setilaiti ikazama nyuma ya ukuta wa jirani. Kutoka kwa hanga na antena ya mia moja.

Maoni yangu ni haya. Nilipanda kwa paa usiku kwa sababu nilikuwa nimeamua jibu ni hapana kabla ya kuuliza. Na ndivyo nilivyomfanyia babangu pia. Miezi yote ile nilijibu kwa niaba yake, nikakasirika na jibu ambalo hajawahi kulitoa. Labda angesema hapana. Angekuwa na haki, pesa ilikuwa yake. Lakini hapana ya mtu ukiisikia, unajua anaogopa nini, na mnaweza kuongea kuhusu hiyo hofu. Hapana uliyojitungia mwenyewe haina wa kuongea naye.

Nimelipa elfu nne mpaka sasa. Mwezi uliopita nilichelewa siku tatu, na sikuzima simu, nilimpigia nikamwambia. Nilimtumia pia ile picha ya ziwa. Alikaa siku mbili bila kujibu. Halafu akapiga, akauliza kama hiyo kitu inaweza kuonyesha mvua kabla ifike Othaya, juu anataka kuweka mbolea.

Nikamwambia naweza kumwonyesha mawingu, lakini kusema yatanyesha lini, hapo bado sijui.

"Basi jifunze, baba," akasema, akakata simu.