Wali wa majirani: desturi ya slametan kule Java



Juma hili twende mbali, hadi kisiwa cha Java, katika inchi ya Indonesia. Kina watu zaidi ya milioni 150, wengi wao Waislamu. Vijijini kuna desturi iitwayo slametan. Jina hilo ni ndugu ya neno letu «salama». Yote mawili yametoka katika Kiarabu. Shabaha yake ni hiyo: watu wakae salama, bila balaa wala fitina.

Mimba ikifika miezi saba, mtoto akizaliwa, kijana akitahiriwa, mavuno yakiingia, watu hufanya slametan. Mtu akifa, hufanywa siku ya 3, ya 7, ya 40, ya 100, hata ya 1000. Hivi mjane hasahauliwi mara tu kilio kinapokwisha.

Kazi inaanza jikoni. Wamama majirani wanafika mapema, bila malipo. Mmoja anakuna nazi, mwingine anasaga viungo, mwingine anachochea moto. Msaada huo unaitwa rewang. Wali uliopikwa kwa tui la nazi na manjano unasimamishwa kama mlima mdogo, unazungukwa na mayai, kuku na mboga.

Kisha wanaume wa nyumba za karibu wanaketi juu ya mikeka. Mwenye nyumba anaeleza sababu ya kuwaita, dua inasomwa, wanakula kidogo tu. Chakula kinachobaki kinafungwa na kupelekwa kwa mama na watoto. Kifurushi hicho kinaitwa berkat, yaani baraka.

Ni nani anaalikwa? Mtaalamu Mmarekani Clifford Geertz, aliyeishi katika mji wa Pare kule Java mwaka 1953 na 1954, aliandika kwamba wanaoitwa ni wale wanaokaa kuzunguka nyumba, wawe ndugu au hapana, marafiki au hapana. Hata uliyegombana naye jana anaketi kwenye mkeka wako.

Lakini desturi hiyo ina mzigo wake. Kwenye arusi, wamama wanaleta mchele, sukari na feza, na mara nyingi kila kitu kinaandikwa katika daftari. Siku ya mwenzako ikifika, ni lazima urudishe. Miezi ya arusi nyingi, mama maskini anaweza kuingia katika deni ili asione haya.

Sisi pia tuna likelemba na michango ya kilio. Lakini inasaidia hasa aliyeandikwa katika daftari. Na yule mama wa mlango wa pili, asiye na mchango wala kikundi, akizaa au akifiwa, nani atamchotea maji? Katika mkutano wetu ujao, kila kikundi kizungumze jambo hilo: tumsaidieje jirani kwa sababu tu ni jirani, na bila kumtwika deni?