Joto la Usiku wa Gitega

Gitega ni mji wa vilima, na katika usiku wa mwezi wa Julai baridi yake humlazimisha hata askari aliyezoea lindo kutafuta blanketi la pili. Kwa hiyo sajini mmoja, aliyewahi kutumikia Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, alistaajabu kumwona mkewe mwenye umri wa miaka 50 akilitupa blanketi saa nane usiku, jasho likimtiririka shingoni, na baada ya robo saa akitetemeka na kulitafuta tena. Alidhani ni malaria, lakini kipimo hakikuonyesha kitu. Kisha akadhani kwamba mke amemchoka, kwani alikuwa mwepesi wa hasira na hakupenda kuguswa. Nyumba nyingi za kambini zimepita katika giza hilo bila mtu kulitaja kwa jina.

Jina lake ni kukoma kwa hedhi. Aghalabu mwanamke afikapo kati ya miaka 45 na 55, vifuko vya mayai hupunguza kutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huyumba, usingizi hukatika, na mifupa huanza kupoteza uimara wake. Si uchawi, wala si dharau kwa mume. Si ugonjwa pia. Walakini hiyo si sababu ya kumwacha mtu akeshe miaka na miaka.

Binamu yake aliyeko Brussels alipopata habari, alimpelekea kwa mkono wa msafiri bahasha ya vibandiko vya estrojeni, vile vinavyobandikwa kwenye ngozi ya tumbo. Dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa Muyinga, aliposikia hayo katika simu alipaza sauti: "Mdogo wangu, usiviguse!" Alikumbuka barua ya shangazi yao ya mwaka 2002, iliyotoka Brussels hukohuko, isemayo kwamba daktari amemwachisha vidonge vya homoni mara moja kwa kuwa vinaleta saratani. Hakuridhika na simu. Alipanda gari la abiria kupitia Karuzi, akafika Gitega jioni.

Yafaa ieleweke kwamba shangazi na binamu hawakusema uongo, ingawa mmoja aliikataza dawa na mwingine akaituma. Dawa hii imegeuzwa sifa mara nyingi. Marekani iliidhinisha vidonge vya Premarin mwaka 1942, vitengenezwavyo kwa mkojo wa farasi jike wenye mimba. Mwaka 1966 daktari Robert Wilson alitoa kitabu kilichoahidi kwamba estrojeni ingemhifadhi mwanamke asizeeke. (Kitabu hicho kiliandikwa na mwanamume, na msomaji wa kike angeligundua hilo bila kutazama jalada.) Mwaka 1975 uchunguzi ulionyesha kwamba estrojeni itumiwapo peke yake huzidisha saratani ya mfuko wa uzazi. Ndipo madaktari wakaongeza homoni ya pili, projestini, ili kuulinda mfuko huo.

Mshtuko mkubwa ulikuja Julai 2002. Uchunguzi wa Marekani wa wanawake 16,608 waliopewa ama homoni hizo mbili ama vidonge visivyo na dawa ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliopata saratani ya matiti walikuwa 38 miongoni mwa waliotumia dawa, na 30 miongoni mwa wasiotumia. Kiharusi na damu kuganda pia viliongezeka, ila kuvunjika nyonga kulipungua. Magazeti yalitangaza hatari, na wanawake wengi wakatupa dawa zao. Jambo ambalo halikutiliwa mkazo ni kwamba wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, na wengi wao walikwisha kukoma hedhi zamani.

Hesabu zilipopangwa upya kwa umri, mambo yalionekana tofauti. Kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, na ambaye joto linamsumbua, faida kwa kawaida huzidi hatari. Kibandiko nacho huelekea kugandisha damu kidogo kuliko kidonge. Mwezi wa Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuondoa sehemu kubwa ya maonyo makali yaliyoandikwa kwenye dawa hizi, lakini ililibakiza onyo moja: saratani ya mfuko wa uzazi kwa estrojeni ya peke yake.

Onyo hilo moja ndilo lililokuwa ndani ya bahasha. Daktari waliyemwendea, sajini akiwa amewasindikiza, aliisoma karatasi ya dawa, akauliza kama mama amewahi kupata kiharusi, damu kuganda, ugonjwa wa ini au saratani ya titi, akampima shinikizo la damu. Kisha akauliza, "Mama, mfuko wa uzazi ungalipo?" Ulikuwapo. Binamu wa Brussels alitolewa wake miaka mingi nyuma kwa sababu ya uvimbe, na kwa hiyo kibandiko kilimfaa yeye. Kwa mama wa Gitega kingeweza kuleta madhara taratibu, bila kelele, hata kama usingizi ungemrudia.

Bahasha ikawekwa kabatini mpaka projestini ipatikane. Sajini alikopa kalamu, akaandika jina la dawa hiyo kwenye kiganja.

Walipotoka, dada wa Muyinga alibaki nyuma, akafunga mlango. Yeye ana miaka 64. Aliuliza kwa sauti ya chini kama na yeye angeweza kuanza. Daktari alimwambia kwamba kwa umri wake asingemshauri kuanza vidonge wala vibandiko, lakini kwa ukavu na maumivu ya sehemu za siri iko krimu ya estrojeni, ambayo huingia kwenye damu kidogo mno.

Mwalimu akauliza bei.