Kuachana na mtu unayemsalimia kila asubuhi

Katika somo la mofolojia tunafundishwa kwamba kiambishi -ana huonyesha watu wawili wanaotendeana: pendana, saidiana, achana. Kitenzi hicho cha mwisho kimenisumbua muda mrefu. Watu husema "wameachana" hata pale ambapo mmoja ameacha na mwingine ameachwa. Mimi niliachwa, na aliyeniacha alikuwa mwalimu mwenzangu.

Kabla ya kujiunga na kitivo chetu nilifundisha Kifaransa miaka mitatu katika shule moja ya sekondari huko Kabongo, mkoa wa Haut-Lomami. Yeye alifundisha hisabati. Tulipendana miaka miwili, na kwa kuwa mapenzi ni kikohozi, shule nzima ilijua, wanafunzi wakiwamo. Baada ya likizo ya Pasaka aliniambia kwamba hatanioa. Hakunitukana wala hakunieleza mengi. Jumatatu iliyofuata, saa ya kwanza katika darasa la mwisho ilikuwa yangu na ya pili ilikuwa yake. Wanafunzi wale walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa serikali, na hakuna aliyeweza kuahirisha mtihani kwa ajili ya moyo wangu.

Ndugu zangu wa mjini walinishauri nikae mbali naye. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu mwenye mahali pa kukaa mbali. Kabongo ni mji mdogo. Tena, tangu mkataba wa 1977 kati ya serikali na makanisa, shule nyingi za nchi yetu zinasimamiwa na makanisa. Kwa hiyo kazi na ibada hukutana katika uwanja mmoja. Nilimwona kwenye sala ya asubuhi, nikamwona katika chumba cha walimu, na Jumapili nikamwona kanisani. Kwetu pia mtu akifika kazini huwapa wenzake wote mkono, mmoja mmoja. Ukimruka mmoja, kila mtu ameona.

Siku zile za kwanza nilipewa dini kwa haraka. Mwalimu mmoja mzee, kwa nia njema, alitaka tusimame sisi wawili mbele ya wenzetu baada ya sala, tushikane mikono na kusema tumesameheana. Nilimjibu kwa heshima: "Baba, bado." Alinyamaza, lakini niliona amenihesabu kuwa mtu mwenye moyo mgumu.

Aliyenisaidia alikuwa mama mmoja wa kanisani, mjane, muuza unga sokoni. Hakuanza na msamaha. Aliniuliza: "Mwanangu, umekula?" Kisha akanikumbusha habari za Eliya alipokimbilia jangwani akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimwamsha mara mbili ale mkate na kunywa maji, katikati akamwacha alale. Swali la Mungu lilikuja baadaye, mlimani. Mama alisema mtu aliyeachwa akilazimishwa kusema maneno makubwa akiwa na njaa, atasema uongo. Kwa wiki mbili nilikwenda kwake jioni kula bukari, na hatukumzungumzia mtu.

Baadaye alinipeleka kwenye sura ya kumi na nane ya Injili ya Mathayo, ambapo Yesu anafundisha kwamba mwenye neno na ndugu yake amwendee kwanza faraghani. Mama alikazia neno hilo, faraghani. Maana yake chumba cha walimu hakitafanywa baraza la kuamua nani mkosaji, na mwanafunzi hatatumwa kupeleka maneno. Nilimwomba mwenzangu tuzungumze mara moja, mchana, kwenye veranda ambapo watu walituona lakini hawakutusikia. Tulikubaliana mambo matatu: kila mmoja atamaliza saa yake kwa wakati ili tusigongane mlangoni, habari zetu hatutazijadili na walimu wengine, na tutaitana "Mwalimu" kama zamani. Hatukuzungumzia mapenzi hata kidogo.

Hapo ndipo sarufi iliponifaa. Kusamehe kuna mtenda mmoja. Naweza kusamehe peke yangu, usiku, bila yeye kujua. Kusameheana kunahitaji wawili, na wa pili simwamuru. Kurudiana ni neno jingine kabisa. Wahubiri wetu mara nyingi huyachanganya haya matatu, na aliyeumia hubebeshwa yote kwa siku moja. Imani inanidai la kwanza. La pili ni tumaini. La tatu halimo katika amri yoyote niliyoisoma.

Kiswahili chetu cha Kongo kina tofauti nyingine ambayo wenzetu wa pwani huenda hawaisikii kwa nguvu kama sisi: mapenzi ni ya wapenzi, na mapendo ni neno la kanisani. Hapa Katanga neno hilo lina historia yake. Padri Placide Tempels, aliyefika Kongo mwaka 1933 na kuandika La philosophie bantoue, alianzisha miaka ya 1950, kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao, kundi lililoitwa Jamaa. Mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili, na nguzo zake zilikuwa uzima, uzazi na mapendo. Sikuwahi kuwa mwanachama, lakini ninapolisoma neno lile naelewa alichotaka Mama: mapenzi yalikuwa yamekwisha, na mapendo yalikuwa bado wajibu wangu kwa mtu yuleyule, kama yalivyo kwa jirani yeyote.

Wajibu huo una mipaka. Kama aliyeniacha angekuwa prefe mwenye mamlaka juu ya kazi yangu, au kama angenifuatafuata na kunitisha, mazungumzo ya faraghani yasingetosha. Sura ileile ya Mathayo inaendelea: mashahidi waitwe, kisha kanisa lote liambiwe. Uvumilivu usigeuzwe kifuniko cha uonevu.

Katika Matendo ya Mitume, Paulo na Barnaba, wafanyakazi wa shamba moja la Mungu, walishindana vikali juu ya Marko wakatengana. Maandiko hayatuambii kwamba walirudi kusafiri pamoja. Lakini miaka baadaye Paulo, akiwa kifungoni, aliomba aletewe Marko huyohuyo, kwa sababu anafaa kwa kazi. Nalipenda neno hilo kwa ukavu wake. Linamtambua mtu kwa kazi yake bila kudai urafiki wa zamani.

Mwisho wa mwaka ule tulikaa pamoja kwenye kikao cha kupitisha alama. Msichana mmoja alikuwa na alama nzuri kwangu na mbaya kwake. Nilimtetea, yeye akafungua daftari, akahesabu upya, akakuta kosa la kujumlisha, akalisahihisha. Msichana alipita. Wengi wetu tutamaliza kitivo hiki na kupelekwa kufundisha katika miji yenye shule moja au mbili, ambako hakuna wa kumkwepa. Tutapendana huko, na wengine tutaachwa. Mkono wa asubuhi tutautoa hata hivyo, kwanza kwa shida, na baada ya muda kwa mazoea. Wangu ulichukua miezi minne.